Tusikilize Habari za Upepo Kabla ya Kutweka Tanga

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya upepo na bahari katika visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, ambako watu wengi riziki yao hutoka majini.

Wazee wetu waliujua mwaka kwa pepo zake. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi. Kusi hushika baada ya masika hata Septemba. Na kati yake huja maleleji, wakati wa upepo mdogo usiokaa upande mmoja. Walijua tena kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo maji ya Unguja huweza kupanda na kushuka kadiri ya mita 4. Elimu hiyo ni njema, wala hatupendi iachwe. Lakini hutueleza majira, haituambii siku.

Ushahidi wake ni tufani ya tarehe 15 Aprili 1872, zamani za Sultani Barghash. Watu hawakuitazamia, kwa kuwa visiwa hivi vi karibu na ikweta, na huko tufani ni nadra. Vyombo vilizama bandarini, na mikarafuu na minazi mingi ya Unguja ikaangushwa. Pemba ilisalimika zaidi, na baadaye ikaipita Unguja kwa zao la karafuu.

Sasa tazameni tufani iliyoitwa Hidaya, iliyofika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Wataalamu waliiona mapema kwa picha zipigwazo kutoka angani, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikawaonya watu. Mabaharia walipata nafasi ya kufunga vyombo vyao.

Huenda mtu akasema, "Juzi tulionywa, na upepo haukuja." Ni kweli hutokea hivyo, maana utabiri si ahadi, ni nasaha. Lakini aliyekaa pwani bure amekosa kitoweo cha siku moja. Aliyetoka akapotea ameacha wajane na mayatima.

Basi msikiapo onyo la upepo uzidio kilometa 40 kwa saa na mawimbi yazidiyo mita 2, ngalawa na mashua ndogo zisitoke, wala nahodha asione haya kurudi. Mwanafunzi ajuaye kusoma amsomee babu yake utabiri, naye babu amfundishe mjukuu kulitazama wingu. Hapo elimu mbili zitakuwa moja.