Ndege Kubwa na Posho Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Sumbawanga)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti:

Katika mkutano uliopita kijana mmoja wa Nkasi aliuliza swali, na watu wakampigia makofi kabla hajajibiwa. Aliuliza hivi: "Kiwanja cha ndege tunacho. Kwa nini zile ndege kubwa za twiga zisitue hapa hapa Sumbawanga, zikapakia samaki wa Kirando na maharage ya Laela, zikaruka moja kwa moja mpaka Ulaya au Amerika? Au sisi wa Ufipa si wananchi?"

Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa maneno matamu. Mimi nilifanya kazi ya ukarani wa mizigo kwenye viwanja vya ndege kwa miaka mingi, nikishika mizani na kalamu. Kwa hiyo nimeombwa nijibu, na jibu langu nitalitoa kwa hesabu.

Wazee hapa wanazo habari za wapagazi waliosafiri kwa miguu mpaka pwani. Mpagazi aliyekwenda kijiji cha pili alibeba mzigo wa tajiri peke yake. Aliyekwenda mwendo wa siku nyingi hakuwa na budi kubeba na posho yake. Kadiri njia ilivyozidi kuwa ndefu, ndivyo posho ilivyoongezeka na mzigo wa tajiri ukapungua, maana kichwa ni kimoja na shingo ni moja. Tena kulikuwa na jambo la pili: kuibeba ile posho kulimchosha mtu, naye aliyechoka hula zaidi. Basi sehemu ya posho ililiwa kwa sababu ya kuibeba posho yenyewe.

Ndege ni mpagazi huyo huyo. Posho yake ni mafuta, ambayo ni ndugu wa yale mafuta ya taa tunayotia katika kandili. Marubani wanayo kanuni yao: ukiongeza tani moja ya mafuta yasiyo ya lazima, kila saa ya safari huunguza kama asilimia 3 au 4 ya tani hiyo kwa kazi ya kuibeba tu. Kwa safari ya saa moja si kitu. Kwa safari ya masaa 14 au 15, karibu nusu ya tani ile imekwisha kabla haijafaa kitu.

Sasa tutazame mfano wa jirani zetu. Tarehe 28 Oktoba, 1018 — la, nisameheni, macho ya uzee — 2018, Kenya Airways walianza safari ya Nairobi mpaka New York bila kutua njiani. Ndege ni Boeing 787-8, jamii ile ile ya ndege za Air Tanzania, ambayo ya kwanza iliwasili Dar es Salaam mwezi wa Julai mwaka huo huo. Kwenda ni kama masaa 15, kurudi kama 14. Kampuni ilitangaza kwamba kila upande unahitaji tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu 12.

Kamateni kalamu. Ndege hiyo ikiwa tupu, pamoja na viti na vyombo vyake, ina uzito wa kama tani 120. Tia mafuta tani 85, umefika tani 205. Watengenezaji wameweka mpaka wa tani 228 kwa kuruka, hauvukwi. Zimebaki tani 23. Ndege ya Kenya ina viti 234. Mhesabu kila abiria na masanduku yake kilo 100, utapata tani 23 na kidogo juu. Basi imekwisha! Ndege hiyo ina nguvu ya kubeba tani 41 za watu na mizigo katika safari ya kadiri, lakini kwa New York posho imekula karibu nusu ya mzigo. Samaki atakaa wapi?

Na hiyo ni hesabu ya kiwanja kilicho usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,624 juu ya bahari, na hapo ndipo jambo linapotuhusu sisi watu wa Ufipa.

Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Ninyi mnaijua: mgeni kutoka Dar es Salaam akipanda kuelekea milima ya Mbizi hutweta, na watoto wetu humcheka. Ndege nayo hutweta. Bawa huinuliwa na hewa, na injini hupumua hewa. Hapa Sumbawanga, kwenye mita kama 1,800, hewa ni pungufu kwa asilimia 16 ukilinganisha na pwani. Kwa hiyo ndege lazima ikimbie kwa kasi zaidi kabla ya kuinuka, hali injini yake ina nguvu kidogo zaidi. Itakula njia ndefu. Jua la mchana likiwaka, hewa huzidi kuwa nyepesi. Rubani akiona njia haimtoshi, hana la kufanya ila kupunguza uzito. Mafuta hawezi kuyapunguza, maana bahari haina kituo cha petroli. Basi atapunguza watu au mizigo.

Nimeyaona kwa macho. Mchana mmoja wa joto, katika kiwanja kimoja cha bara, niliamriwa kuteremsha magunia ambayo mwenyewe nilikuwa nimeyapima asubuhi na kuyapokelea fedha. Wafanyabiashara walinitukana, mmoja akasema nimekula rushwa ili nipakie mali ya mwingine. Sikuwa na namna ya kuwaonyesha hewa. Hewa haionekani, gunia lililobaki chini linaonekana.

Wahabeshi wamelijua jambo hili kuliko sisi. Kiwanja cha Addis Ababa kiko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na hewa yake imepungua kwa moja ya tano. Kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian iliyokwenda Washington ilitua Dublin njiani kuongeza mafuta. Lakini wakati wa kurudi, ikitoka Washington kwenye nchi ya chini, iliruka moja kwa moja mpaka Addis Ababa. Ndege ni ile ile na marubani ni wale wale. Walitua Dublin bila kuona aibu, na shirika lao likastawi.

Hata sisi wa Afrika ya Mashariki tulipata kuwa na dawa ya nyanda za juu. Mwaka 1966 shirika letu la pamoja, East African Airways, lilianza kurusha ndege za Super VC10. Hizo zilibuniwa makusudi kwa viwanja vya joto na vya juu kama Nairobi: mabawa mapana, na injini nne zenye nguvu zimefungwa mkiani. Ziliinuka upesi, na abiria wa zama hizo mpaka leo huzisifu. Lakini bawa na injini za kukusaidia dakika moja ya kuruka unazibeba masaa yote ya safari. VC10 ilikunywa mafuta kuliko Boeing 707, na dunia ikanunua 707. Mwaka 1977 shirika lilivunjika, kwa sababu nyingine ambazo si za leo.

Nyongeza moja tu kutoka mbali. Singapore Airlines walianza kwenda Newark, karibu na New York, bila kutua, mwaka 2004, kwa ndege ya injini nne. Mwaka 2013 waliacha, maana mafuta yaliwashinda. Walirudi mwaka 2018 na ndege ya injini mbili, Airbus A350 iliyotengenezwa kwa safari hizo. Mjue wameweka viti vingapi: 161 tu, na cha bei ya chini hakuna hata kimoja. Safari ndefu kupita kiasi hulipwa na matajiri wanaonunua wakati wao. Samaki hanunui wakati kwa bei hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Ndugu zangu, nadhani tumekuwa tukililia jambo lisilo letu na kuliacha lililo letu.

Dar es Salaam iko mita 55 tu juu ya bahari. Hapo ndipo Tanzania inapowapita Nairobi na Addis Ababa, na ajabu ni kwamba hatulisemi. Ndege ile ile ya 787 ikitoka Dar es Salaam kwa safari ya masaa kama 10, mafuta yake kwa makadirio yangu ni tani 60. Jumlisha: 120 na 60 na mzigo kamili wa 41, ni tani 221. Bado imo ndani ya mpaka! Guangzhou iko kama kilometa 8,700, imo katika hesabu hiyo. Mumbai ni kama 4,700, Dubai kama 4,000. Na tangu Juni 2023 Air Tanzania wana ndege ya mizigo mitupu, Boeing 767, inayobeba tani 54. Mpaka Dubai au Mumbai hiyo haina haja ya kuacha kilo hata moja kwa ajili ya posho.

Basi mlango wa dunia ni Dar es Salaam, na kazi ya Sumbawanga ni kuufikia mlango huo upesi. Mpango wa kukijenga kiwanja chetu kwa lami ulikuwa wa njia isiyofika kilometa 2. Kwa hewa yetu hii, Dreamliner haina kazi hapo. Ndege inayotufaa ni ile ya mapanga, Q400, ya abiria 76. Inakula kidogo, hainung'uniki.

Lakini hata hiyo ina posho yake, na hapa ndipo nataka mnisikilize. Ndege ikija mahali pasipo na mafuta, hubeba ya kuja na ya kurudi. Mafuta ya kurudi yanakalia nafasi ya samaki wenu. Kwa hiyo kabla ya kuomba ndege kubwa, tuulizeni habari ya bohari la mafuta hapa kiwanjani, na malori ya kulijaza, maana toka Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,100. Tuulize pia saa ya ndege. Ikiondoka alfajiri, wakati baridi yetu ya Ufipa inauma, itabeba zaidi kuliko ikiondoka saa 8 mchana, bila senti moja kuongezwa. Na tuulize chumba cha barafu, maana mgebuka wa Kirando hawezi kungoja juani huku makarani wakitafuta mihuri.

Mahindi na maharage tuyaache chini. Hayo yana barabara ya Tunduma na reli ya TAZARA, na yana bandari ya Kasanga kwa wanunuzi wa Kongo na Zambia. Gunia la mahindi likipanda ndege, nauli italipita bei mara nyingi, na mkulima wa Kalambo atarudi nyumbani na deni.

Nimekwisha kusema yangu. Karatasi yenye hesabu ninaiacha kwa Ndugu Katibu. Mwenye kuona nimekosea ajumlishe mwenyewe. Namwona mzee mmoja pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja VC10. Karibu, mzee.