Mali Kauli: Majina ya Watu Ndani ya Simu Moja



Nimeombwa nizungumze juu ya teknolojia ya kidijiti na vyombo vya habari katika maisha ya kila siku. Ni uwanja mpana mno. Naomba ruhusa niubane mpaka uenee juu ya meza ya mama yangu mdogo, anayeuza khanga pembezoni mwa Mtaa wa Congo, Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu pale mezani pana vitu viwili nilivyokua navyo: daftari na simu.

Nianze na daftari. Ni kauntabuku ya kwaya mbili, jalada lake limefungwa kwa karatasi ya nailoni lisilowe mvua. Nilikuwa darasa la nne nilipoanza kumwandikia, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Alikuwa akinitajia: "Andika, dada wa saluni, doti mbili, bado elfu nane. Andika, mjomba wa Mbagala, doti moja, kalipa nusu. Andika, mama mwenye mwanya." Siku moja nikamuuliza kwa nini tusiandike majina yao kama mwalimu anavyoandika mahudhurio. Akanijibu, "Mwanangu, deni la mtu ni siri yake. Daftari hili likidondoka barabarani, atakayeliokota asimjue yeyote."

Nimesoma vitabu kadhaa vya sheria tangu nije chuoni. Sijakuta kanuni ya kulinda taarifa za mtu iliyosemwa kwa maneno machache na kwa heshima kubwa kama ile.

Daftari lile lilikuwa na ndugu yake, ambaye hakuandikwa popote. Mama mdogo mwenyewe alikuwa akichukua khanga kwa mwenye duka la jumla Mtaa wa Uhuru bila kutoa shilingi. Anabeba doti ishirini asubuhi, anauza, jioni au mwisho wa wiki anapeleka hela. Wafanyabiashara mnaiita mali kauli. Tulisikilize neno lenyewe: mali iliyotoka kwa kauli tu. Dhamana yake haikuwa hati ya nyumba wala kadi ya gari. Ilikuwa jina lake, na watu wanaolijua jina hilo: jirani wa meza ya pili, mpagazi wa mkokoteni, mama ntilie aliyemwona akifungua biashara kila siku kabla jua halijachomoza. Kariakoo, ambayo jina lake lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, imejengwa kwa kiasi kikubwa na mtaji wa namna hii.

Kisha ikaja simu. Aprili 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini, na kampuni nyingine zikafuata. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani ninaitukana simu. Mama mdogo alikuwa akifunga noti kwenye pindo la khanga na kupanda nazo daladala hadi nyumbani huku moyo unamdunda. Leo mteja wa Songea humtumia hela, naye akapeleka mzigo kwenye basi jioni ileile. Vijana mawinga, ambao hawana fremu wala meza, hupiga picha ya kiatu kilichopo kwenye duka la mwingine, wakaiweka WhatsApp au Instagram, wakauza na kupata chao. Daftari nalo lina udhaifu wake. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, nilimsikia mfanyabiashara mmoja akisema kwamba bidhaa atazitafuta tena, lakini madeni aliyokuwa akiwadai watu yameteketea pamoja na daftari, na sasa anategemea dhamiri zao. Daftari halina nakala.

Shida yangu ni moja, na ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Mwaka juzi mama mdogo alipungukiwa. Mtoto alilazwa, mtaji ukaliwa na matibabu. Benki walimtaka dhamana. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato ya ndani uliotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, unataka kikundi, na kikundi chake kilikuwa kimesambaratika. Kikoba kilikuwa hakijafikia mzunguko wake. Akaona tangazo kwenye simu: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Akapakua programu. Ikamuuliza swali moja baada ya jingine, na kila mara chini ya swali palikuwa na neno "Ruhusu". Akaruhusu. Hela ikaingia kweli, pungufu ya kiasi alichoomba, kwa kuwa gharama zilikatwa mbele. Marejesho siku saba.

Siku ya nane nilikuwa darasani. Ujumbe ukaingia kutoka namba nisiyoijua: jina lake kamili, kiasi anachodaiwa, neno "tapeli", na maelezo kwamba mimi ni mdhamini wake. Sikuwahi kumdhamini mtu. Mpaka saa sita mchana ujumbe uleule ulikuwa umemfikia ustadhi anayewafundisha watoto wake madrasa, wateja wake wa mikoani, shemeji zake wa Kilwa, na mwenye duka la jumla wa Mtaa wa Uhuru.

Mnalijua jina la mikopo hii mitaani: kausha damu. Nami mara nyingi nasikia watu wakizungumzia aibu. Aibu ipo, na kuna watu imewavunja. Lakini nawaomba mtazame hasara nyingine. Mwenye duka wa Mtaa wa Uhuru hakumtukana mama mdogo. Alimkaribisha kiti, akamuulizia mgonjwa, kisha akamwambia kwa upole kwamba kuanzia sasa mzigo ni kwa fedha taslimu. Miaka kumi na tisa ya mali kauli ikaisha kwa sentensi moja. Tangazo lilisema mkopo hauna dhamana. Ulikuwa nayo, tena kubwa kuliko nyumba. Mkopeshaji alichukua orodha ya majina iliyomo ndani ya simu, yaani mashahidi walewale waliokuwa wakimpa mama mdogo jina jema, akaigeuza fimbo.

Sasa orodha ile ni ya nani? Hapa ndipo msimamo wangu ulipo, na nausema kwa sauti ili wanaopinga wanisahihishe. Orodha ya majina kwenye simu haiwezi kuwa mali ya mwenye simu peke yake. Kila aliyemo aliitoa namba yake kwa kusudi fulani: ustadhi ili aulizwe habari za watoto, mteja wa Songea ili aambiwe mzigo umeondoka. Mama mdogo alipobonyeza "Ruhusu", aliruhusu kwa niaba yake. Hakuwa na uwezo wa kuruhusu kwa niaba ya watu mia tatu ambao hawakuwepo wala hawakuulizwa. Huwezi kuweka rehani ng'ombe wa jirani kwa sababu tu alilala zizini kwako.

Na uzito wa namba ya simu leo si ule wa zamani. Januari 2020, laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Namba yako sasa imefungamana na kitambulisho cha taifa na kidole chako. Mtu akiishika namba, ameshika zaidi ya tarakimu kumi. "Mama mwenye mwanya" wa kwenye daftari hakuwa akijulikana na mpita njia yeyote. Kwenye simu anajulikana hata na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Dar es Salaam.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume inayopokea malalamiko. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Nalishukuru tangazo lile. Ila leseni inajibu swali la nani anakopesha. Ninachotaka kijibiwe ni kile anachokichukua. Mkopeshaji mwenye leseni akisoma orodha ya majina yangu, jirani yangu bado ameporwa. Ningependa kuona kanuni inayokataza waziwazi programu yoyote ya mkopo kuigusa orodha hiyo, hata pale mkopaji anapokubali, na masharti yaandikwe kwa Kiswahili ambacho mama mdogo atakisoma mwenyewe bila kumwita mtoto wa darasa la nne.

Walimu wangu mtaniwia radhi nikikumbusha kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, na somo la kwanza kufundishwa pale lilikuwa sheria. Kutoka Lumumba hadi meza ya mama mdogo unatembea kwa miguu, hata jasho halijakutoka. Baadaye chuo kikahamia mlimani. Nadhani maswali mengi ya sheria yalibaki kule bondeni, na tunapaswa kuyafuata.

Mwezi uliopita wenzangu watatu nami tulikwenda. Tulikaa kwenye vigoda nyuma ya meza za khanga, tukasoma masharti ya programu moja kwa sauti, mstari kwa mstari, tukiyafasiri. Mama mmoja muuza vikoi alitusikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mimi sijakopa maishani. Jina langu limo tu kwenye simu ya mwenzangu, na nimetumiwa matusi. Mnaniambia mkopaji aende akalalamike. Mimi je?"

Tulitazamana. Tulikuwa tumeandaa malalamiko ya mama mdogo, yeye kama mkopaji, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba waliomo ndani ya orodha nao wameguswa na wana haki ya kulalamika. Usiku ule niliuchana ule waraka nikaandika mwingine. Haumtaji mama mdogo popote. Deni lake ni siri yake, na ameshalimaliza. Unasema kwamba mimi, mwenye namba hii, sikumdhamini mtu, sikuombwa ruhusa, na taarifa zangu zimechukuliwa na kutumiwa. Yule muuza vikoi ameandika wake. Ustadhi naye wake. Mpaka leo asubuhi zimefika barua kumi na nne, zote ziko ndani ya mkoba huu, na kesho tunazipeleka kwenye Tume.