Mlango wa Nyumba ya Likizo

Kama mmepanga kushuka Pwani likizo hii, hebu ongeza sauti ya redio kidogo. Na kama uko jikoni unasonga sima, endelea tu, leo nayataka masikio yako peke yake.

Siku hizi jamaa wengi hawalali hotelini. Wanakodi nyumba nzima, Mtwapa, Diani, Malindi au Watamu, wanajipikia wenyewe, watoto wanalala wanne chumba kimoja, na gharama inapungua. Ni jambo jema. Lakini mkishafika huwa mnaangalia nini? Maji yapo? Neti za mbu zipo? Bahari iko umbali gani? Mlango hakuna anayeujali, isipokuwa kuuliza kama unafungika sawasawa ili wezi wasiingie. Mimi leo nataka tuulize swali la pili: je, huo mlango unafunguka?

Nitawasimulia yaliyotupata sisi wenyewe. Desemba moja tulikodi nyumba Mtwapa, tukiwa watu tisa, pamoja na mama mkwe wangu. Madirisha yote yalikuwa na vyuma. Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao, na nje yake kulikuwa na mwingine wa chuma, hizi grili zetu, uliofungwa kwa ndani na kufuli kubwa. Mlango wa nyuma nao ulikuwa na kufuli, lakini ufunguo wake hatukupewa. Msimamizi wa nyumba alisema, "Ule hautumiki, mama." Tukaridhika.

Saa tisa za usiku mama mkwe akanigusa bega. "Mwanangu, amka. Nasikia harufu ya gesi."

Kweli, mtungi ulikuwa unavuja kwenye mpira. Nikapiga kelele mtu asiguse swichi ya taa, kwa sababu cheche ndogo ya swichi inatosha kuilipua gesi iliyojaa chumbani. Nikaufunga mtungi kwa kupapasa. Tukafungua madirisha. Sasa tutoke. Ufunguo uko wapi?

Baba watoto ndiye aliyefunga. Aliogopa wezi wasije wakauvuta kwa waya kupitia dirishani, kwa hivyo akauficha. Aliuficha wapi, hakumbuki. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, na watoto wawili walikuwa wamelala kwenye godoro pale sakafuni. Tukawabeba, tukawasimamisha dirishani wapumue kati ya vyuma. Bibi yao anaomba Mungu, sisi tunapapasa juu ya kabati, chini ya mito, ndani ya viatu. Hatimaye ukapatikana ndani ya sufuria. Tukaenda kwenye kufuli, nalo limeliwa na chumvi ya bahari, halizunguki! Lilifunguka baada ya kuvutwa na kupigwapigwa kwa kisigino cha kiatu.

Tulitoka salama. Upepo wa bahari ndio uliotusaidia, maana ulipita dirishani ukaitoa gesi. Lakini fikiria kama ungekuwa ni moto. Moshi haukupi muda wa kutafuta ndani ya sufuria. Watu wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba huuawa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia.

Sisi Wakenya tumeshalipia somo hili kwa damu. Mnamo Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos, wanafunzi 67 walikufa bweni lao lilipoteketea usiku. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 serikali ikatoa mwongozo wa usalama shuleni, unaosema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Ajabu ni kwamba mzazi atakagua bweni la mwanawe, halafu Desemba amlaze mtoto yuleyule nyuma ya vyuma na kufuli mbili bila kuuliza neno.

Simwambii mtu alale mlango wazi. Wezi wapo. Ninachosema ni hiki: mkifika, kabla ya kufungua mabegi, itisha funguo zote, hata za milango "isiyotumika". Jaribu kila kufuli kwa mkono wako, ufunge na ufungue mara mbili. Likigoma mchana, usiku litagoma zaidi. Msimamizi alete jingine, tena siku hiyohiyo. Kisha chagueni mahali pamoja pa kuning'iniza ufunguo usiku, karibu na mlango, mbali na mkono wa mtu aliye dirishani, na kila mmoja apajue, pamoja na watoto wakubwa na msichana wa kazi. Weka tochi hapohapo. Komeo la ndani lisilohitaji ufunguo ni bora kuliko kufuli. Na mwenye nyumba akikwambia vyuma vya dirisha haviwezi kuguswa, mwambie fundi wa kuchomelea anaweza kukata kipande kimoja akakiwekea bawaba na komeo la ndani, kikawa kama kidirisha cha kutokea.

Watoto wadogo wana mambo yao. Atajifungia chooni halafu ashindwe kufungua, kwa hivyo ufunguo wa choo utoe kabisa, uweke juu. Na kama kuna bwawa la kuogelea, geti lake lazima lijifunge lenyewe, na kitasa kiwe juu asikokifikia. Likibaki wazi dakika chache tu, yatosha mtoto kuzama, tena kimyakimya.

Halafu kuna upepo. Kaskazi ya Desemba na Januari huupiga mlango ghafla, na kidole cha mtoto kikiwa pale kwenye bawaba, ni kilio. Zuia mlango kwa jiwe au kiti kizito. Akibanwa, mwagia kidole maji baridi, inua mkono wake juu, na kama ana pete ivue mapema kabla hakijavimba. Kidole kikipinda, kikifa ganzi au kikivuja damu bila kukoma, mpeleke hospitali. Kama kimekatika, kipande kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, na huo mfuko ndio uuweke juu ya barafu. Barafu isiguse nyama.

Kukitokea moto, tambaeni chini, tokeni, na msirudi kuchukua simu wala mkoba. Mkiwa nje pigeni 999 au 112.

Mwaka uliofuata tulishuka tena Pwani, nyumba nyingine. Msimamizi alikuwa akitupokea mizigo, mama mkwe wangu akamzuia mlangoni. "Mwanangu, mizigo ingoje. Nionyeshe funguo kwanza, na ule wa nyuma pia." Kijana akacheka, lakini akauleta. Mama akaujaribu mwenyewe, ukafunguka, ndipo akavua viatu.

Haya, msikilizaji, kwa leo tuachie hapo. Tukutane wiki ijayo saa kama hizi, tuzungumze juu ya maji ya kisima. Kwaheri.