Kijana Aliyesomea Senema

Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Rubona





Nimepewa nafasi niseme juu ya vijana na kazi. Wenzangu watasema juu ya biashara na kilimo, nao wayajua hayo kuliko mimi. Mimi nimechagua jambo ambalo huenda mkastaajabu kulisikia kinywani mwa sheikh, nalo ni senema.

Yuko kijana mmoja wa hapa Rubona, jina lake silitaji, aliyekwenda Kigali kusomea utengenezaji wa picha za senema. Akapata cheti chake, akarudi kwao. Tangu arudi amekwisha peleka barua nyingi, hapa Gisenyi na huko Kigali. Wachache humjibu kwamba hapana nafasi. Walio wengi hawamjibu kabisa. Jioni hutazama picha, moja baada ya nyingine, na wapitao humcheka: msomi mzima, amerudi kukaa mbele ya televisheni! Baba yake alinijia, akaniomba nimshauri mwanawe auache upuuzi huo atafute kazi ya maana. Nilimsikiliza mzee wangu kwa heshima. Lakini jibu nimeona afadhali nilitoe mbele yenu nyote, maana swali lile si lake peke yake.

Kwanza tuulizane kwa haki: ni nyumba ngapi katika mtaa huu ambazo baada ya swala ya Isha hazifunguliwi picha? Twatazama za Kihindi, za Kituruki, za Nijeria, na zile tuziitazo agasobanuye, ambazo mtu husimulia kwa Kinyarwanda juu ya maneno ya kigeni. Marehemu Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga na aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na sauti inayojulikana hata na watoto wasiojua jina la waziri hata mmoja. Yeye alifanya kazi kwa ulimi wake juu ya picha zilizotengenezwa na wengine, na hatukumwita mvivu. Basi imekuwaje chakula twakila kila usiku, na mpishi akitokea nyumbani kwetu twamwonea aibu?

Sisemi kwamba kila picha ni njema. La hasha. Ziko ambazo mzazi akiingia ghafula humlazimu mtoto kuizima, na mtoto akiingia ghafula humlazimu mzazi. Hizo hatuna haja ya kuzijadili. Ninalotaka mlitafakari ni habari ya Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo katika nchi ya Sham, mwaka 1930. Alikwenda Marekani kusomea kazi hii hii, na yasimuliwa kwamba baba yake alimuaga kwa dola 200 na msahafu. Ndiye aliyetengeneza picha ya Risala ya mwaka 1976, ambayo wengi wetu tumeitazama. Humo Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, haonekani wala sauti yake haisikiki. Aliipiga mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kila moja na waigizaji wake. Akaanza Moroko, akazuiliwa, akamalizia Libya.

Kisha mwaka 1981 akatoa picha ya Omar Mukhtar, iliyogharimu mamilioni ya dola, nayo ikaleta hasara kubwa. Lakini mwaka 1978 alikuwa ametia mkono katika picha ya kutisha iitwayo Halloween, iliyotengenezwa kwa dola kama 300,000 tu, nayo ikaleta mamilioni mengi. Siisifu picha ile. Nasema kwamba watu walilipia hofu kuliko walivyomlipia shujaa, na mwenye kutengeneza naye hula. Sisi tunaolalamika kwamba hakuna picha za adabu, je, tumemlipa nani azitengeneze?

Sasa juu ya kazi yenyewe. Mzee wangu afikiri kwamba kazi ni meza, saa ya kuingia na mshahara wa mwisho wa mwezi. Senema haiko hivyo. Imefanana na uvuvi wetu wa sambaza. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja, taa huwashwa usiku, wavu hushushwa na wengi, na hapana aendaye peke yake. Mwezi ukiwa mpevu mavuno hupungua, na kila mwaka ziwa hufungwa ili samaki wazaane. Hakuna amwitaye mvuvi mtu asiye na kazi kwa kuwa usiku ule hakwenda ziwani. Vivyo hivyo watu wa picha huitwa kwa siku kadhaa, wakalipwa, wakatawanyika. Kwa hiyo kijana apaswa kujulikana na wenye mitumbwi. Eric Kabera alishiriki kutoa picha ya 100 Days mwaka 2001, kisha akaanzisha tamasha la senema la Rwanda mwaka 2005, lililopeleka pazia la kujazwa upepo mpaka vijijini. Goma, hatua chache tu kutoka Gisenyi, Yole!Africa iliyoanzishwa na Petna Ndaliko Katondolo imewafunza vijana kupiga picha. Na Zanzibar lipo tamasha tangu mwaka 1998, ambako Kiswahili chetu hakihitaji msimulizi.

Nawe kijana, barua zako nimezisoma. Zote zaeleza umesoma nini. Hapana hata moja ielezayo waweza kufanya nini. Nabii Yusuf alipoomba kazi kwa mfalme alitaja uaminifu na ujuzi wake, na ghala aliyotaka kuisimamia. Kutazama kwako kila jioni si dhambi ya uvivu ikiwa waandika ulichojifunza. Lakini tengeneza picha ya dakika 10, ya hapa ziwani, uiambatanishe na barua.

Na sisi wazee tunalo deni. Kijana huyu amepiga picha arusi 4 za watu waliomo katika mkutano huu, na malipo yake yamekuwa sahani ya pilau na dua. Dua twaipokea, lakini Mtume wetu ametufundisha tusicheleweshe ujira wa mtu. Wahusika wanajijua, nitawangoja nje ya mlango.

Tena naiomba jumuiya, kabla wazee wetu hawajaondoka na habari za jinsi Uislamu ulivyofika kando ya ziwa hili, impe kijana huyu kazi ya kuwapiga picha wakisimulia, kwa mapatano yaliyoandikwa na ujira uliotajwa. Mweka hazina yupo, nami nimekwisha mwambia kwamba mchango wa kwanza utatoka kwangu.