Rangi Haikaushi Ukuta

Msikilizaji, ukienda kuona chumba cha kupanga ukakuta rangi mbichi, usimlipe dalali haraka. Nenda kwenye kona inayopakana na bafu, pitisha kiganja ukutani. Ukihisi ubaridi na rangi imeanza kufura, ujue chini yake kuna unyevu, na pengine ukungu.

Huko Rochdale, Uingereza, mwaka 2017 baba mmoja kutoka Sudan aliripoti ukungu kwenye nyumba ya shirika aliyopanga. Akaambiwa apake rangi. Akapaka, ukarudi. Desemba 2020 mwanawe, Awaab Ishak, akafariki, ndiyo kwanza ametimiza miaka 2. Uchunguzi wa kifo ukabaini mwaka 2022 kwamba mapafu yake yaliponzwa na kuishi muda mrefu ndani ya ukungu. Na wenye nyumba? Walikuwa wakidhani tatizo ni jinsi familia ile inavyooga!

Kauli hiyo mbona tunaijua. Mpangaji akilalamika, anaulizwa kwa nini anaanika nguo ndani. Masika haya aanike wapi? Hewa ya pwani yenyewe imeshiba maji. Ongeza mvuke wa sufuria na wa bafu, kwenye chumba chenye dirisha la alumini linalofunguka nusu, na maji yote yanaishia ukutani. Wataalamu wanashauri unyevu wa ndani usizidi asilimia 60. Kwetu, bila kiyoyozi, hiyo ni ndoto, lakini tundu la hewa juu ya bafu si anasa, na bomba linalovuja si la kusubiri mwisho wa mwezi. Ukuta ukilowa, ukaushwe ndani ya siku mbili, kabla ukungu haujaota.

Wazee wa Lamu na Unguja walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta ukalowa na ukakauka wenyewe. Leo fundi anazipiga nyumba hizohizo lipu ya saruji, maji yanafungiwa ndani, kisha tunashangaa chumvi inavyochanua.

England sasa ina sheria yenye jina la Awaab. Tangu Oktoba 27, 2025, nyumba za kijamii, kama ile ya kina Awaab, zenye unyevu wa hatari lazima zikaguliwe ndani ya siku 10 za kazi, na ikiwa ni dharura, zishughulikiwe ndani ya saa 24.

Mkataba wako wa pango unasema siku ngapi? Wangu umetaja kodi ya miezi sita, muziki wa usiku, na marufuku ya kupigilia misumari ukutani.