Gari Imara na Gari Linalotengenezeka



Katika ofisi nyingi za wilaya kuna ubishi mmoja usiokwisha. Upande mmoja wapo madereva wa zamani na mafundi waliokulia chini ya Land Rover. Hao hushikilia kwamba magari ya kisasa ya kwendea porini ni urembo mtupu: yanang'aa, yana ubaridi ndani, lakini yakikutana na vumbi la Agosti na matope ya Machi yanalala njiani. Upande wa pili wapo maofisa wa usafirishaji na vijana wenye vyeti vya ufundi, ambao huwajibu wazee hao kwamba wanachokililia ni ujana wao, wala si gari. Ubishi huu aghalabu hufanywa kwa kicheko, wakati wa chai. Hata hivyo nyuma yake kuna fedha nyingi za umma, na kuna gari la wagonjwa ambalo ama liko barabarani ama limeegeshwa juu ya mawe nyuma ya bohari.

Pande zote mbili zinachanganya mambo mawili ambayo hapana budi yatenganishwe. Kudumu ni jambo moja, na kutengenezeka ni jambo jingine. Gari laweza kukaa miaka mingi bila kuharibika, na siku likiharibika asipatikane mtu wa kulifufua. Na laweza kuharibika kila mwezi, na kila mwezi likaamshwa na fundi mmoja mwenye spana tatu na kipande cha waya.

Land Rover ya zamani ilikuwa ya aina hii ya pili, ingawa wapenzi wake hawapendi kusikia hivyo. Gari hilo lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam, mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo kampuni ya Rover ikatengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini. Ndiyo sababu bodi haikuoza kwa kutu, ilhali chesesi yake ya chuma ilioza vizuri sana, hasa Pwani. Injini ilivuja oili. Ekseli za nyuma zilikatika, na kukatika kwake kulikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba dereva mwangalifu wa safari ndefu alibeba ekseli ya akiba kama wengine wanavyobeba gurudumu. Breki zilitaka mguu wenye nguvu na dua.

Sifa yake ilikuwa wapi, basi? Ilikuwa katika yale yaliyofuata baada ya kuharibika. Ekseli ilipokatika, dereva alifungua bolti sita kwenye kitovu cha gurudumu, akaivuta nje, akaingiza mpya, akaendelea na safari. Betri ilipokufa kulikuwa na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Pointi zilisafishwa kwa msasa. Springi ya majani iliyovunjika ilifungwa kwa kamba ya ngozi hadi mji wa mbele. Kila kilichoharibika kilionekana kwa macho na kilishikika kwa mkono, na fundi wa Dodoma alijifunza kwa kutazama tu, bila kuhitaji kitabu kutoka Solihull. Katika mwezi wa Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa gwaride, na miongoni mwake yalikuwamo magari yenye umri mkubwa kuliko madereva wake. Magari hayo hayakufika huko kwa sababu hayakuharibika. Yalifika kwa sababu yameharibika mara nyingi, na kila mara akapatikana mtu wa kuyatengeneza.

Sasa ligeukie gari la kisasa, tena bila chuki. Injini yake hutumia mafuta kidogo kwa nguvu ileile, na moshi wake hauwachomi macho watoto wa shule. Breki zake hazikamati magurudumu ovyo kwenye changarawe, na gari likigonga, mifuko ya hewa hufunguka kuokoa kifua cha dereva. Mtu anayetamani kurudi kwenye magari yasiyokuwa hata na mkanda hajapata kuhesabu makaburi ya barabarani. Kwa ubora wa vyuma, rangi na uundaji, gari la leo linalitangulia la jana kwa mbali.

Tatizo linaanzia kwenye mafuta. Nozeli ya dizeli ya mtindo wa kale hufunguka kwa shinikizo la baa 100 hadi 200 au zaidi kidogo. Mfumo wa kisasa huyakandamiza mafuta yaleyale hadi baa 1,600, na katika injini nyingi hupita 2,000. Ili shinikizo kubwa namna hiyo lisivuje, vipuli vya ndani vimekaribiana kwa nafasi inayopimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Mafuta yakiwa safi, mambo ni mazuri mno. Lakini kwenye kituo cha mbali, ambako dizeli hufika kwa pipa na kumiminwa kwa dumu, tone la maji na chembe ya mchanga ni maadui wa kutosha. Pampu ya zamani ilikohoa, ikatoa moshi, ikaenda. Pampu ya leo hukwaruzika, na vumbi la chuma chake husafiri hadi kwenye kila nozeli. Kinachofuata si kubadili kipuri kimoja, bali mfumo mzima.

Kadhalika lipo suala la salfa. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Ulaya ilishateremka hadi 10 tangu 2009. Chujio la masizi lililoundwa kwa ajili ya barabara kuu za Ujerumani, ambako gari hukimbia mwendo wa saa nzima na kujichoma uchafu lenyewe, huziba mapema likipewa kazi ya kwenda sokoni na kurudi.

Chujio na pampu ni vyuma, na chuma hakijawahi kumshinda fundi wa Gerezani. Kinachomshinda ni kufuli. Katika magari mengi ya leo, kipuri kipya kikishafungwa hakifanyi kazi mpaka kitambulishwe kwa kompyuta ya gari, na kompyuta hiyo haisikilizi ila mashine yenye programu ya mtengenezaji. Kijidude kidogo cha kupima joto au hewa, ambacho mafundi hukiita sensa, kikikatika waya wake kwa kutafunwa na panya, gari hujipunguzia nguvu na kutambaa kama kobe ingawa injini haina ugonjwa wowote. Fundi aliye Loliondo anaweza kuuona waya ule na kuuunga kwa dakika 10. Lakini asipokuwa na mashine ya kumwambia ni waya upi, ataizunguka injini siku nzima. Mwisho wake gari la wagonjwa linakokotwa hadi Arusha, na mama mwenye uchungu wa kuzaa anapandishwa pikipiki.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Gari lile halikukosa uimara. Limeondolewa mikononi mwa watu walio karibu nalo.

Yapo magari ya katikati. Toyota ilianza kuuza Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mwaka 1984, na umbo hilo limeendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 40. Kwa ajili ya Afrika na mashirika ya misaada ilipewa, kuanzia 1990, injini ya lita 4.2 yenye silinda sita ambayo pampu yake haiamrishwi na kompyuta. Ni injini nzito, yenye nguvu haba kwa ukubwa wake na yenye ulafi wa mafuta, na hakuna aliyewahi kuisifu kwa mbio. Lakini kila gereji ya mkoa inaijua. Mafundi wa Arusha hata huzikata Land Cruiser hizo katikati, wakairefusha chesesi na kuzitoboa paa ili watalii wasimame kutazama simba.

Hata hivyo njia hiyo inazidi kuwa nyembamba, kwani sheria za moshi za nchi zenye viwanda zinaziondoa injini za namna hiyo sokoni. Land Rover Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa Januari 2016. Jina lake lilirudi 2019 juu ya gari lisilo na chesesi ya peke yake, lenye kompyuta ndogondogo kila upande. Tajiri mmoja Mwingereza, Jim Ratcliffe, aliwahurumia wapenzi wa gari la kale akaanzisha Grenadier, ambayo ilianza kutengenezwa Hambach, Ufaransa, mwaka 2022. Ina chesesi ya ngazi na ekseli nzima kama zamani. Injini yake ni ya BMW, na kompyuta imo.

Kwa hiyo anayengoja kiwanda kirudi kwenye pointi na kabureta atangoja sana. Kinachowezekana ni kudai ufunguo wa kufuli. Jumuiya ya Ulaya iliandika mwaka 2007, katika kanuni zake za magari, kwamba mtengenezaji awape mafundi wa nje maelezo ya matengenezo. Afrika Kusini, kupitia tume yake ya ushindani, ilitoa mwongozo ulioanza kutumika Julai 2021 wenye shabaha hiyohiyo, pamoja na kumruhusu mwenye gari kulipeleka kwa fundi anayemtaka bila kupoteza dhamana. Hizo ni nchi zenye viwanda vya magari. Nchi inayonunua tu haina kiwanda cha kukiamuru, lakini inayo zabuni, na muuzaji huisoma zabuni kwa makini kuliko anavyoisoma hotuba.

Zabuni ya magari ya serikali huuliza bei, idadi ya viti na siku ya kufikishwa. Iulize pia: je, mashine ya kupimia na programu yake vitakabidhiwa kwa karakana za TEMESA mikoani, na ada ya programu hiyo ya kila mwaka italipwa na nani? Je, vitabu vya ufundi vitatolewa? Je, nozeli, pampu na vichujio vya miaka mitano vitakuwapo nchini, au vitaagizwa siku gari litakapolala? Muuzaji asiyekuwa na jibu apunguziwe alama, hata kama bei yake ni ndogo, maana bei hiyo itadaiwa baadaye kwa mlango wa nyuma. Na kwa kituo kinachohifadhi dizeli katika mapipa, chujio la kutenganisha maji liwe sehemu ya gari tangu siku ya kwanza.

Kwa upande wa walimu, hasa wa shule za ufundi na vyuo vya VETA, kazi iliyopo ni nyepesi kuieleza kuliko kuitenda. Mwanafunzi anayehitimu akijua kufungua giaboksi lakini akiogopa mita ya kupimia umeme amefundishwa nusu ya gari. Zipo mashine ndogo za kusomea makosa ya injini ambazo bei yake haifiki ya tairi moja la Land Cruiser. Hazifungui kila kufuli, ila zinamwonyesha fundi waya wa kuanzia.