Jiko Lisilale Nasi Chumbani

Mazungumzo na vikundi vya kusaidiana vya sehemu za baridi, kabla ya mwezi wa Juni

Mwenyekiti alituomba tuzungumze juu ya baridi, na akatuonya tusichukue muda mrefu kwa maana kuna ng'ombe wanaongoja kukamuliwa. Basi twende moja kwa moja.

Baridi yetu mwaijua. Huanza Juni masika yakiisha, hukaza mwezi wa Julai, na huachilia Agosti ikielekea mwisho. Watu wa Mombasa hutucheka wakituona na makoti mawili, lakini hapa si Mombasa. Kila ukipanda mita 1,000 kutoka baharini, hewa hupoa kwa kadiri ya digrii 6, na huku Kinangop tuko juu zaidi ya mita 2,400. Ongeza yale mawingu mazito yanayofunika jua kutwa nzima. Na usiku mwingine mawingu yakiondoka ndiyo mbaya zaidi, umande unaganda juu ya majani ya viazi. Sasa mtu yuko ndani ya nyumba ya mabati, upepo unapita kila upande, watoto wanatetemeka. Anataka joto, na ana haki ya kulitaka.

Shida ni mahali tunapolitafuta. Karibu kila mwaka wakati wa baridi twasikia habari ya namna moja: watu walilala na jiko la makaa chumbani, mlango na dirisha vimefungwa, na asubuhi majirani wakabisha bila kujibiwa. Mara nyingi ni nyumba ya kupanga, chumba kimoja ambacho ndicho jikoni, ndicho sebule, ndicho pa kulala. Kwa hiyo nyinyi wenye watoto waliokwenda mjini kutafuta kazi, maneno haya ni yenu pia. Wapigieni simu leo jioni.

Tueleze vile makaa yanavyoua, kwa sababu wengi wanafikiri ni moshi. Moshi unamkohoza mtu, unamtoa machozi, anaamka. Kinachoua ni gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na haiwashi koo. Ukiivuta inaingia katika damu na kushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile oksijeni tunayoihitaji. Damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi cha kutosha kukuweka hai. Kwanza kichwa kinauma, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, akili inachanganyika. Aliye macho huenda akatoka nje. Aliyelala anazidi kulala tu. Watoto hulemewa upesi kwa sababu wanapumua haraka kuliko mtu mzima, na kwa mama mja mzito gesi hiyo humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Tukizunguka vijijini twaambiwa, "Sisi tunangoja makaa yawe mekundu, moshi uishe, ndipo tunaingiza jiko." Jamani, makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa gesi hii kwa wingi. Kwisha kwa moshi si kwisha kwa sumu. Wengine wanaweka sufuria ya maji kando ya jiko, ati maji yatavuta ile hewa mbaya. Maji hayawezi, gesi hii haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kusaidia mtu. Mama mmoja alituuliza kama lile jiko lenye udongo ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, si salama zaidi. Jiko hilo ni zuri, linaokoa makaa na pesa, na tunawahimiza mlitumie. Lakini makaa ni makaa. Na kuacha dirisha wazi kidogo? Ukikaa macho unapika, fungua dirisha na mlango pia. Ukienda kulala, dirisha hilo halitoshi. Jiko litoke nje kabisa, hata kama limebaki majivu na makaa mawili matatu yanayofifia chini yake.

Mkikuta jirani amezimia kwenye chumba chenye jiko, fungueni mlango na madirisha yote, mtoeni nje kwenye hewa, na jiko litolewe. Msimwage maji juu ya makaa mkiwa ndani. Kama anapumua lakini hajitambui, mlazeni kwa ubavu. Kisha hospitali, hata kama ameamka na kusema ni mzima, maana anahitaji kupewa oksijeni na kuangaliwa. Msimpe maziwa wala dawa ya kienyeji. Na wote waliokuwa chumbani humo waende pamoja naye.

Moshi wa kuni nao una hesabu yake, ingawa hauui kwa usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto wasiofika miaka 5. Wengi wa hao wadogo huuawa na nimonia. Kwa hiyo wakati wa baridi msizibe zile nafasi za juu jikoni. Kuni zikatwe na kuanikwa Januari na Februari, jua lingali kali, zihifadhiwe pakavu. Kuni mbichi ni moshi mwingi na joto kidogo.

Sasa mtatuuliza, jiko likitoka, joto litatoka wapi? Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo.

Joto la nyumba hupotelea juu. Hewa ya moto hupanda, inakutana na mabati, na mabati hayashiki joto hata kidogo. Ndiyo maana asubuhi mnaona maji yanadondoka kutoka kwenye paa ingawa mvua haikunyesha, ni pumzi zenu wenyewe zimegota kwenye bati baridi. Tiba yake ni dari, au silingi kama tunavyozoea kusema, na si lazima iwe ya mbao. Magunia yaliyofuliwa vizuri, yakapasuliwa na kushonwa pamoja, yakavutwa kutoka ukuta hadi ukuta na kupigiliwa kwenye boriti kwa misumari na vifuniko vya soda, yanafanya kazi hiyo. Nafasi inayobaki kati ya gunia na bati ndiyo blanketi lenyewe. Katoni zilizofunguliwa pia zafaa. Ila chunga: gunia na katoni hushika moto upesi, basi taa ya mafuta na mshumaa vikae mbali, na jikoni msiweke kabisa.

Baada ya juu, ukuta. Nyumba ya udongo ikikandikwa vizuri ina joto kuliko ya mabati, vijana msiicheke. Zibeni nyufa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe kabla ya Juni, maana ukandikaji wa Julai haukauki. Kwenye nyumba ya mbao pigeni fito juu ya zile nafasi, na chini ya mlango tieni gunia lililoviringishwa. Acheni tundu dogo la hewa karibu na paa. Watu sita katika chumba kimoja wanahitaji kupumua.

Halafu kitanda. Ni rahisi kumpasha mtu joto kuliko kukipasha chumba kizima. Baridi nyingi hutoka chini, kwa hiyo asiyeweza kununua godoro nene aweke chini yake gunia lililojazwa nyasi kavu au majani makavu ya mahindi. Blanketi mbili nyepesi zashinda moja nzito. Chupa ya maji ya moto, ikiwa imefungwa barabara na kuvikwa soksi ya sufu, ikiwekwa miguuni nusu saa kabla ya kulala inatosha kumpa mzee usingizi, lakini iondolewe kwa mtoto mchanga kwa sababu ngozi yake huungua upesi. Mtoto mchanga dawa yake ni kofia, na kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, leso juu yao wote wawili. Jua likitokea hata kwa saa moja, matandiko yote nje.

Maji ya usiku na uji wa alfajiri vyaweza kukaa moto bila jiko. Chukua kapu, lipange nyasi kavu na vitambaa pande zote, weka sufuria iliyotoka kuchemka, funika kwa mto uliojaa vitambaa. Vikundi vingine vimeshona makapu haya hata vikayauza sokoni.

Hakuna kati ya haya linalotaka mkopo. Ila kazi ya dari si ya mtu mmoja, hasa mjane au mzee. Tumezungumza na mweka hazina, na mapendekezo yetu ni kwamba pesa za mzunguko wa mwezi huu na ujao zinunue magunia, misumari na uzi wa katani, na kikundi kiwe kikifanya nyumba mbili kila Alhamisi, tukianza na shosho wanaolea wajukuu peke yao. Mtaamua wenyewe kwa kura tukimaliza. Kama mtakubali, akina baba walete nyundo na ngazi, mwenye sindano ya magunia aje nayo, na magunia yafuliwe Jumatatu ili yapate siku tatu za kukauka.